King'ora Kilichozoeleka

Mteja wa kwanza Jumatatu ile hakuja kununua alamu. Alikuja ing'olewe ile aliyokuwa nayo.

"Toa hii kitu kwa gari yangu," alisema, akiutupa ufunguo juu ya kaunta. "Leo leo. Githinji alikuwa na moja kama hii, na sasa yuko mochari."

"Mzee wangu, nikiitoa utabaki na nini?" aliuliza Farhan, fundi mwenye duka.

"Nitabaki na Mungu. Wewe toa."

Farhan hakubishana. Aliuchukua ufunguo, akampa dada yake Asmaa auweke pembeni, na mteja akatoka nje kusubiri kwenye baraza. Hapo ndipo Inspekta Mbula, aliyekuwa amesimama karibu na rafu ya redio za gari tangu duka lifunguliwe, aliposogea mbele.

"Ni wa ngapi huyu?"

"Wa pili, afande. Mwingine alikuja jana nyumbani, duka likiwa limefungwa."

Mbula alikuwa mpelelezi wa makao ya polisi ya Machakos, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, aliyevaa sweta ya kijivu Agosti nzima kwa ajili ya baridi. Mkuu wake alikuwa amemwambia asubuhi ile kwamba anataka kumwona Farhan ndani ya seli kabla ya jioni. Sababu zake zilikuwa nyepesi kueleza. Jumamosi, Githinji, mfanyabiashara wa vyakula vya mifugo, aligunduliwa na mkewe akiwa amekufa kando ya Corolla yake, ndani ya boma lake mwenyewe chini ya vilima vya Iveti. Ufunguo ulikuwa umechomekwa kwenye gari. Hakuna kioo kilichovunjwa wala waya uliokatwa. Gari lenyewe halikuibwa. Mtu alikuwa ameufungua mlango bila kutumia nguvu, na mkuu aliona mtu wa namna hiyo ni mmoja tu mjini: aliyeifunga ile alamu.

"Gari lile lilikuwa na rimoti ngapi?" Mbula aliuliza.

"Mbili. Moja ya mzee, moja ya mama."

"Unaweza kutengeneza ya tatu?"

"Naweza."

"Ulitengeneza?"

"La. Na hata ningetaka, rimoti mpya hufundishwa ndani ya gari lenyewe, likiwa wazi, ufunguo umewashwa. Sikukaa na gari lile peke yangu hata siku moja. Mzee alikuwa akisimama hapo hapo, ananiuliza kila waya unakwenda wapi."

"Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

Asmaa ndiye aliyejibu. "Hapa. Alikuwa chini ya lori la mtu wa mji wa Wote tangu adhuhuri mpaka jua linazama. Mwenye lori alikaa kwenye hicho kiti, anakunywa chai yetu. Muulizeni."

Mbula alikuwa amekwisha kumuuliza. Hakusema hivyo.

"Nimeambiwa alamu ya Githinji ilikuwa inalia ovyo."

Farhan alifuta mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na mafuta. "Tangu mwezi wa saba. Kila siku, mara nyingine asubuhi, mara nyingine alasiri. Nilikwenda kwake mara tatu. Nilibadilisha king'ora, nikaipunguza sensa mpaka paka angelala juu ya boneti isilie. Ikaendelea kulia. Nilimwambia, mzee, alamu nzima hailii bila kuguswa. Akaniambia, nani anaigusa na geti limefungwa?"

"Mara ya mwisho mliongea lini?"

"Alhamisi, kwa simu. Nikamuahidi Jumamosi." Alikikunja kile kitambaa. "Jumamosi likaja lile lori."

Ukutani kulikuwa na ubao ambao Farhan alikuwa amefungia alamu kamili, na king'ora chake, taa mbili na honi, ili mteja asikie anachonunua. Mbula alimtaka amwonyeshe kama anavyowaonyesha wateja wote. Farhan aliugonga ubao kwa kifundo cha kidole. King'ora kikalia mfululizo, kikipanda na kushuka, kisha kikakoma chenyewe. Akavuta swichi ndogo ya mlango. Sauti ikawa ile ile, na taa zikawaka. Halafu akachukua rimoti na kubonyeza kitufe chekundu. Safari hii sauti ilikuwa ya kukatika katika, na honi ikaingia katikati yake, paa, paa, paa.

"Hii ya tatu ni ya nini?"

"Ya kuita watu. Ukivamiwa, unabonyeza hapa. Injini haiwaki hata mwizi awe na ufunguo, na honi inapiga. Baada ya muda mfupi inanyamaza. Ukitaka ilie tena, ubonyeze tena." Aliirudisha rimoti mezani. "Hii ndiyo inayouza, afande. Kina mama hasa huipenda. Huwaambia, hata sauti ikikukauka, gari litakupigia kelele."

Mbula akaandika maneno machache. "Chukua vifaa vyako. Twende ukaniangalilie hilo gari."

Watu wa barabara ile walisimama kumtazama Farhan akipanda Land Rover ya polisi. Asmaa alitoka mbio na koti lake, akampitishia dirishani, kama mtu anayesindikiza anayekwenda kulala pabaya.

*

Boma la Githinji lilikuwa na pande mbili za kuangalia. Upande wa kushoto, ua mnene wa kayaba uliotenganisha boma hilo na la jirani, mwalimu mstaafu aliyeitwa Mueni. Upande wa kulia, ukuta mfupi wa mawe, na ng'ambo yake mjengo wa ghorofa moja ambao haujaezekwa. Corolla ilisimama karibu na ukuta huo, nyuma ya stoo, mahali ambapo mtu aliyeko barabarani au kwa Mueni hawezi kupaona. Nyumbani kwenyewe, wanawake wa kanisa walikuwa wameingia na kutoka tangu alfajiri. Waliongea kwa sauti za chini.

Konstebo Kuria, aliyekuwa akililinda gari, alitoa rimoti ya marehemu kutoka kwenye bahasha ya vielelezo.

"Ilikuwa kwa mkono wake wa kulia, madam. Alikuwa ameishika hivi." Akakunja ngumi.

"Kwa nini haikuwa pamoja na ufunguo?" Mbula alimgeukia Farhan.

"Mimi ndiye niliyemwambia azitenganishe. Ufunguo mkononi, rimoti mfukoni. Mwizi akichukua kimoja, hapati kingine."

Basi hilo la mlango likaeleweka. Githinji alitoka kwenda dukani kwake baada ya chakula cha mchana. Aliizima alamu mwenyewe, akaitia rimoti mfuko wa shati, akafungua mlango kwa ufunguo wake. Ndipo alipopigwa. Hakuna aliyehitaji rimoti ya tatu. Mbula alimweleza Kuria hivyo, na Farhan, aliyekuwa akisikiliza, akaketi kwenye ngazi ya stoo.

"Ijaribu hiyo rimoti," Mbula alisema.

Farhan alivaa glavu alizopewa na kuibonyeza. Kimya. Akaibonyeza tena. Akaifungua, akatoa betri ndogo iliyokuwa ndani, akaigusisha kwenye kipimo chake.

"Imekufa."

"Ilikuwa ya zamani?"

"Niliiweka mpya mara ya mwisho nilipokuja hapa. Betri hii hukaa mwaka mzima na zaidi." Aliitazama mkononi mwake. "Haiishi kwa kubonyezwa mara moja, afande. Wala mara kumi."

Mbula alikuwa na ripoti ya daktari kwenye mkoba wake na hakuhitaji kuisoma tena. Githinji alipigwa kwa kitu kizito cha chuma, mgongoni na ubavuni. Miguu ilikufa ganzi. Mbavu ziliingia kwenye pafu, kwa hiyo hakuwa na pumzi ya kupiga ukelele. Lakini hakufa mara moja. Daktari alikadiria saa nzima, pengine zaidi.

"Kaeni hapa," alisema, akazunguka kwenda kwa Mueni.

*

Mbula alimkuta Mueni jikoni akikanda unga wa chapati za waombolezaji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaa, mwanangu. Mimi nitaendelea kukanda, hawa watu ni wengi."

"Asante, mwaitu, mama yangu. Jumamosi ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa siku mzima. Wajukuu wangu walikuwa wamelala."

"Ulisikia gari ikilia?"

"Woi! Nani hakusikia? Hiyo gari ilikuwa inalia kila siku. Mtaa mzima tulikuwa tumechoka. Mwanzo mwanzo tulikuwa tunatoka mbio na panga, tunapata hakuna kitu, Baba Wanja, mwenye gari, anatuomba msamaha. Mara ya tano nani atatoka?"

"Jumamosi ililia vile vile kama siku zingine?"

Mueni aliacha kukanda. "Hapana. Jumamosi ilikuwa imeharibika kabisa. Ilikuwa inalia, inanyamaza. Inalia, inanyamaza. Na honi ndani yake, paa, paa. Mwanzoni ilikuwa inalia haraka haraka, halafu ikaanza kukawia. Nikasema sasa betri inaisha, Mungu asifiwe."

"Ulitoka nje?"

"Nilitoka. Nilisimama hapo kwa kayaba nikaita, Baba Wanja! Zima hiyo kitu, watoto wamelala! Nikanyamaza nisikie kama atajibu. Ikalia. Nikaita tena, Baba Wanja! Ikalia tena papo hapo. Nikakasirika, nikaona kama ananifanyia mchezo. Nikarudi ndani nikafunga dirisha."

Kalamu ya Mbula ilikuwa imesimama. Mueni hakuona, alikuwa amerudi kwenye unga wake.

"Halafu nikapigia bibi yake, Mama Wanja, simu. Alikuwa ameenda Mitaboni kwa msichana wake, yule wa duka la dawa. Nikamwambia, gari yenu imetuua masikio. Akasema ati hawezi kuamini. Nikafungua dirisha, nikatoa simu nje hivi, asikie mwenyewe."

"Akasikia?"

"Akasikia. Tukacheka." Mueni alijifuta shavu kwa mkono wenye unga. "Kumbe huyo mwizi alikuwa huko wakati huo wote, anahangaika na gari. Ningejua mwizi yuko hapo, ningepiga nduru. Hata uzee huu wangu, ningepiga."

Mbula aliinuka. Alimshukuru, akakataa chai, akatoka kwa mlango wa jikoni. Hakumwambia kwamba mwizi alikuwa amekwisha kukimbia.

*

Alipovuka kurudi, alimkuta Kuria ameinama mbele ya kioo cha Corolla.

"Madam, angalia hii."

Ndani ya mfereji mdogo ulio chini ya waipa kulikuwa na vipande vya mawe, vyeupe, vyenye kona kali, kila kimoja kama tembe ya dawa. Vingine vilikuwa chini, karibu na magurudumu. Udongo wa boma lile ulikuwa mwekundu, bila jiwe. Mbula alipanda kwenye ngazi ya stoo na kuangalia paa la gari. Rangi ilikuwa imechubuka mahali pengi, vidoa vidogo vidogo kama ndui.

"Kokoto," alisema.

Ng'ambo ya ukuta mfupi, kando ya mjengo, lilikuwako rundo la kokoto linalofika kifuani.

Alimwambia Farhan atie betri mpya na aitege alamu. Kisha akamtuma Kuria aruke ukuta, asimame penye lile rundo na kutupa jiwe moja dogo. Jiwe liligonga paa, likaruka, likadondoka kwenye waipa. King'ora kikaanza, kile cha mfululizo, kikipanda na kushuka, kikajaa mtaa wote.

Walisubiri. Mtu alikuwa amekufa katika boma lile siku mbili zilizopita, waombolezaji wamejaa ndani, na bado upande wa barabara hakuna mlango uliofunguliwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya barabara hakugeuza hata shingo. Farhan alikizima mwenyewe.

"Yule aliyekuwa akiitupia mawe hakuwa anaiba," Mbula alisema. "Alikuwa anawafundisha watu wasitoke."

Farhan aliinua uso. "Nani anafanya kazi hapo?"

"Mafundi walikuja mara ya mwisho Jumamosi asubuhi," Kuria alijibu kutoka juu ya ukuta. "Jirani wanasema msimamizi aliwalipa, akawapa likizo. Anaitwa Kimeu. Ameenda Mlolongo kungojea lori la kokoto."

"Kokoto ipo tele hapo," alisema Mbula.

"Kimeu ni mtu wa namna gani?" Farhan aliuliza. "Mfupi? Ana pengo hapa mbele? Viatu vyake vimejaa simiti?"

"Unamjua?"

Farhan aliweka kipimo chake chini. "Alikuja dukani mwezi wa sita. Asmaa alimkasirikia kwa kuchafua sakafu. Aliuliza habari za alamu kama mtu anayetaka kununua. Nikamwonyesha ubao, nikamweleza zote. Akaniuliza ipi ndiyo bora. Nikamwambia..." Akazivua zile glavu. "Huwa nawaambia wateja ili wasinunue zile za bei ya chini. Nikamwambia, alamu mbovu ni adui kuliko kukosa alamu. Ikililia upepo, jirani watazoea, na siku ya mwizi hakuna atakayetoka. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, afande. Naye akatikisa kichwa, akasema asante, akaenda zake."

Mbula hakumfariji wala kumlaumu. Alimwomba aandikishe maelezo yake kwa Kuria, na amtaje Asmaa kama shahidi. Kisha akalirudia gari, akafungua mlango wa dereva na kupiga magoti. Kwenye pedali ya klachi kulikuwa na tabaka jembamba la simiti iliyokauka, na ndani yake alama ya soli. Alama ya kiatu cha Githinji, aliyevaa viatu vya ngozi laini, haikuwa hiyo. Fimbo ya nondo waliipata kabla ya saa sita, imefukiwa ndani ya kokoto, haikuoshwa.

*

Kimeu walimkuta kwenye kibanda cha chai karibu na machimbo ya Mlolongo, malori yakipita nje na vumbi lake. Hakukimbia. Alimaliza chai yake, akanyoosha mikono ifungwe pingu.

Kwenye chumba cha mahojiano alijaribu kidogo.

"Mimi Jumamosi nilikuwa Mlolongo."

"Saa ngapi?"

"Siku mzima."

"Uliwalipa mafundi Machakos saa nne asubuhi."

"Nilienda baadaye."

"Vua kiatu."

"Ya nini?"

"Vua, Kimeu."

Alivua. Mbula alikigeuza, akaiweka soli kando ya picha ya pedali. Kimeu aliviangalia vitu hivyo viwili, kisha akaangalia ukuta.

"Kuna mtu Nairobi alikuwa anataka Corolla ya rangi hiyo," alisema hatimaye. "Mimi nilitaka mzee achoke na hiyo alamu, aitoe. Nilikuwa natupa mawe kila siku. Akakataa kuitoa. Alikuwa anaipenda. Nikasema basi, nitachukua ufunguo kwa mkono wake. Hata ikilia, watu washazoea."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Mbili. Nilitaka aanguke tu. Nikaingia kwa gari, nikawasha, ikakataa. Ikaanza kupiga kelele. Nikaruka ukuta nikatoka kwa mjengo."

"Ulipokuwa unaondoka, bado ilikuwa inalia?"

"Ee."

"Ulijua ni nini kilikuwa kinailiza?"

Kimeu aliinamisha kichwa.

"Nilijua," alisema. "Huyo mtu wa duka alinionyesha ile ya tatu. Nilitembea hadi stendi nikiisikia. Nikawa nasema moyoni, sasa mtu atatoka. Sasa mtu atatoka."

"Na wewe, mbona hukurudi?"

Mbula aliagiza asomewe maelezo yake, atie sahihi.

*

Mbula alirudi kwa Wangui, mjane wa Githinji, siku iliyofuata, asubuhi. Angeweza kumtuma Kuria. Mkuu wake alimwambia kesi imekwisha, mshtakiwa amekubali, mjane ataarifiwa kwa njia ya kawaida. Mbula alichukua funguo za Land Rover bila kusema neno. Kuria akamfuata, akashika usukani.

Wangui alikuwa ameketi sebuleni na bintiye Wanja. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye leso iliyofungwa chini kwenye paji. Wanawake wa kanisa walipomwona mpelelezi walitoka mmoja mmoja. Mbula alimweleza habari za Kimeu, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kupamba. Wanja alilia. Wangui alisikiliza huku akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabiwa mali ya mwingine.

"Wanja," alisema, "kaangalie chai."

Binti alipotoka, Wangui akasogeza kiti.

"Uniambie ukweli, mwanangu. Umesema huyo mtu alikimbia mara moja."

"Ndiyo, mama."

"Alikimbia, gari ikabaki."

"Ndiyo."

"Mueni alinipigia simu kama saa tisa. Nilikuwa kwa duka ya Wanja, kuna wateja. Alitoa simu kwa dirisha nikasikia. Kama huyo mtu alikuwa ameenda, ni nani alikuwa analiza gari?"

Mbula alikuwa ametoa habari za vifo kwa miaka mingi, na alijua maneno yote ambayo watu hutumia kulikwepa swali. Aliangalia mikono ya Wangui juu ya magoti.

"Alikuwa ni yeye, mama. Hakuweza kuinuka wala kuita. Alikuwa na rimoti."

Wangui hakupiga ukelele. Macho yake yalikuwa kwenye zulia, midomo ikisogea bila sauti.

"Nilicheka," alisema. "Nilimwambia Mueni, achaneni nayo, betri itaisha. Hayo ndiyo maneno nilisema. Na yeye alikuwa hapo ananiita."

"Hukujua."

"Sikujua." Alilirudia neno hilo mara kadhaa kwa Kikuyu, polepole, kana kwamba analipima uzito. Kisha akauliza, "Alikaa hivyo muda mrefu?"

"Daktari anasema saa nzima. Pengine zaidi kidogo."

"Alikuwa mtu hachoki," Wangui alisema. "Akianza kitu hachoki. Hata hiyo alamu, kila mtu alimwambia atoe, mimi pia nilimwambia. Alisema, siku moja itanisaidia." Alikifunika kinywa kwa ncha ya leso, mabega yakatikisika. Mbula alibaki mahali pake. Alisikia vikombe vikigongana jikoni.

Hatimaye Wangui alijifuta uso.

"Mueni anajua?"

"Bado. Lakini itasemwa mahakamani. Ataitwa shahidi."

"Aliniambia alisimama kwa ua akaita. Aliniambia kwa simu, nimemwita mzee wako ananijibu na kelele." Wangui aliishika mikono ya kiti, akainuka kwa taabu. "Akisikia hiyo kitu huko mbele ya watu, atakufa. Ameamka saa kumi siku tatu, anapikia hawa watu wote. Hajalala."

"Ninaweza kumwambia mimi. Ni kazi yangu."

"Hapana. Wewe ukimwambia, atajua kuwa alikosa. Lazima asikie kwangu." Aliifunga leso upya. "Mimi nilisikia kama yeye. Mimi nilikuwa bibi yake, na sikujua. Yeye angejua aje?"

Alikataa kushikwa mkono. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita kando ya Corolla bila kuiangalia, akaingia kwenye pengo la ua ambalo familia mbili zile zilikuwa zimelikanyaga kwa miaka. Mbula alimfuata hadi penye ua, akasimama hapo.

Mueni alifungua mlango wa jikoni, mikono yote ina unga hadi viwiko.

"Mama Wanja! Umetoka kufanya nini? Rudi ukae, nitaleta chai."

"Sitaki chai," alisema Wangui. "Nimekuja tukae. Nawa mikono, ukuje uketi hapa na mimi."

Alimshika Mueni kiwiko, unga na vyote, akamwingiza ndani, akaufunga mlango.

Kuria, aliyekuwa ndani ya Land Rover barabarani, alimwona Mbula akitoka getini, naye akaunyoosha mkono kuwasha gari. Mbula alimtikisia kichwa asiwashe. Aliegemea mlango wa gari, mikono ndani ya mifuko ya sweta, akasubiri. Ilipita dakika moja au mbili kabla ya kilio cha Mueni kusikika, na safari hii milango ya mtaa ule ilifunguka mmoja baada ya mwingine, na watu wakatoka mbio.